Bingwa wa Mpira, Mgeni wa Ulingo

Huenda picha hii umeshaiona kwenye simu ya mtu. Mwanamume mwenye misuli iliyojaa amelala ulingoni, hajitambui, na juu ya picha mtu ameandika maneno ya kuchekesha. Jamaa huyo ni Nate Robinson, aliyecheza mpira wa kikapu katika ligi ya NBA ya Marekani. Urefu wake ni sentimeta 175 tu, yaani mfupi kabisa kwa mchezo ule, lakini miguu yake ilikuwa kama ina springi: alishinda shindano la kudanki la NBA mara tatu, mwaka 2006, 2009 na 2010.

Tarehe 28 Novemba 2020, mjini Los Angeles, Robinson akiwa na umri wa miaka 36 alipanda ulingoni kupigana ngumi za kulipwa kwa mara ya kwanza maishani. Mpinzani wake alikuwa Jake Paul, kijana aliyepata jina kwa kutengeneza video za mtandaoni. Raundi ya pili haikwisha. Robinson alipigwa akaanguka, akanyanyuka, akapigwa tena, na safari hiyo hakunyanyuka. Baada ya hapo watu kibao wakaanza kujirekodi wakijilaza sakafuni kumwigiza.

Pengine na wewe ulicheka. Hebu itazame tena ile picha kwa macho ya mtu wa afya. Pale amelala mtu ambaye ubongo wake umezimika ghafla, kama taa umeme unapokatika. Kilichouzima ni nini? Na mbona mwanamichezo mwenye mwili wa chuma kama yule alizimwa kirahisi hivyo?

Mwili hujifunza kazi unayopewa

Watu wengi wanaamini kwamba mtu mwenye pumzi na nguvu katika mchezo mmoja anazo katika michezo yote. Si hivyo. Fanya jaribio dogo leo jioni. Simama, inua ngumi zako mpaka usawa wa mashavu, viwiko vibane mbavu, kisha rukaruka kwa miguu yote miwili bila kushusha mikono kwa dakika 3. Hiyo ni raundi moja tu ya ngumi za kulipwa za wanaume. Tena hakuna mtu anayekupiga! Kama wewe ni winga wa timu ya shule unayekimbia dakika 90 bila taabu, utashangaa mabega yanavyowaka moto. Misuli ile haijawahi kupewa kazi ile.

Halafu kuna hofu. Mtu asiyezoea kupigwa hubana pumzi kila anapoona ngumi inakuja. Anajikaza mwili mzima, hata pale asipohitaji. Kwa hiyo anachoka mapema kuliko mazoezi aliyofanya. Bondia wa siku nyingi yuko kinyume: amelegea, anapumua, anatumia nguvu pale tu anapopiga.

Mfano mzuri ni Conor McGregor wa Ireland. Huyu alikuwa bingwa wa mapigano mchanganyiko, yale ya ngumi, mateke na kukabana chini. Tarehe 26 Agosti 2017, mjini Las Vegas, alipambana na Floyd Mayweather katika ngumi peke yake. Mayweather alikuwa ameshinda mapambano 49 bila kupoteza hata moja. McGregor hakuwa amepigana hata pambano moja la ngumi za kulipwa. Raundi za mwanzo alijitutumua vizuri, mpaka waliobeza wakaanza kukaa sawa kwenye viti. Kisha pumzi ikakata. Raundi ya 10 mwamuzi alisimamisha pambano, McGregor akiwa bado amesimama lakini anayumba kama mlevi, mikono haipandi tena. Kwa usiku ule alihakikishiwa dola milioni 30, mwenzake milioni 100. Mwamuzi alifanya jambo jema. Mtu aliyechoka hivyo hawezi kulinda kichwa chake, na makonde anayoyapata wakati huo ndiyo mabaya zaidi.

Yai bichi mezani

Sasa twende kwenye ubongo wenyewe. Ubongo ni laini, na umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na majimaji. Unaweza kufanya mazoezi ya tumbo mpaka likawa gumu kama ubao, lakini hakuna zoezi linaloufanya ubongo uwe mgumu.

Kama nyumbani kuna yai bichi (omba ruhusa kwanza), liweke mezani ulizungushe kama pia. Lisimamishe kwa kidole mara moja, kisha uondoe kidole haraka. Yai litaanza kuzunguka tena lenyewe! Kwa nini? Ganda ulilisimamisha, lakini vilivyomo ndani viliendelea kuzunguka. Ngumi ya kidevu hufanya kitu cha namna hiyo. Kidevu kiko mbali na shingo, kwa hiyo ngumi ikikipata kwa pembeni kichwa huzunguka ghafla. Fuvu linatangulia, ubongo unachelewa, kisha unavutwa kwa nguvu. Nyuzi nyembamba zinazopeleka habari kutoka sehemu moja ya ubongo kwenda nyingine zinanyooshwa. Zikivurugika nyingi kwa mpigo mmoja, mtu anazima. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Na usidhani ni lazima uzimie ndipo uwe umepata mtikisiko. Wengi wanaoupata hawazimii kabisa.

Ngumi mbaya kuliko zote ni ile usiyoiona. Ukiiona, shingo hukaza yenyewe na kichwa hakizunguki sana. Bondia aliyeanza utotoni ameziona ngumi maelfu kwa maelfu, anazisoma kutoka begani mwa mpinzani kabla hazijafika. Mcheza kikapu wa miaka 36 atajifunza kusoma hayo kwa miezi michache? Mimi siamini.

"Si wanavaa glovu?" Ndiyo, lakini glovu kazi yake kubwa ni kulinda mkono wa anayepiga. Bila glovu angeogopa kuvunja vidole, asingepiga kichwa kwa nguvu zote. Kofia ya ngumi nayo husaidia dhidi ya kuchanika na uvimbe, lakini haizuii kichwa kuzunguka. Ndiyo maana usishangae kwamba katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 wanaume walipigana bila kofia.

Hesabu haianzi sifuri

Kuna jambo jingine ambalo matangazo ya mapambano haya hayasemi. Wengi wa wanaohamia ulingoni wanatoka kwenye raga au mpira wa Kimarekani, michezo ambayo kichwa kimeshagongwa miaka mingi. Kubadilisha mchezo hakufuti makonde ya zamani.

Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika juu ya mabondia waliokuwa wakiyumba, wakitetemeka na kusema kwa kukokoteza maneno ingawa hawakunywa pombe. Leo madaktari wanajua kwamba kugongwa kichwa mara nyingi kwa miaka mingi, hata pale mtu asipozimia, kunaweza kuuchakaza ubongo. Kumbukumbu inapotea, hasira zinapanda, mwendo unaharibika. Ugonjwa huo huthibitishwa kwa hakika baada ya kifo tu, ubongo unapopimwa. Wamekutwa nao mabondia, na wachezaji wa mpira wa Kimarekani pia.

Mfikirie Mark Gastineau. Alikuwa beki mkali wa timu ya New York Jets, maarufu kwa kucheza ngoma uwanjani kila alipomwangusha mpinzani. Mwaka 1991 aliingia kwenye ngumi za kulipwa. Mpinzani wake wa kwanza, mcheza mieleka, alianguka sekunde 12 tu baada ya kengele! Ushindi ukafuatana, wote kwa KO, lakini minong'ono ikazagaa kwamba baadhi ya wapinzani wake walikuwa wanaanguka kwa mpango. Mwaka 1992 alikutana na bondia wa kweli, Tim Anderson, akashindwa kwa pointi. Aliacha ngumi mwaka 1996. Mwaka 2017 Gastineau alitangaza kwamba madaktari wamemkuta na ugonjwa wa kusahau na ule wa kutetemeka. Yeye mwenyewe aliulaumu mpira, kwa sababu alikuwa akitanguliza kichwa anapokaba. Ni makonde mangapi ya ulingoni yaliongezea pale? Hakuna daktari anayeweza kuyatenganisha.

Mwenzake wa zamani zaidi, Ed Jones wa Dallas Cowboys, pande la mtu lenye urefu wa zaidi ya mita 2, aliacha mpira mwaka 1979 akapigana mapambano 6, akashinda yote 6, kisha mwaka 1980 akarudi zake uwanjani. Akacheza mpaka 1989. Huyo naye alijua saa ya kuondoka.

Wapo waliofanikiwa

Usije ukasema gazeti lako linachukia ngumi. Wapo waliotoka mchezo mwingine wakawa mabondia wa kweli. Curtis Woodhouse alicheza soka Uingereza katika timu kama Sheffield United na Birmingham City. Mwaka 2006, akiwa na miaka 26 tu, aliacha soka ya kulipwa akaanza ngumi. Hakuanzia kwa bingwa. Alianzia chini, kwenye kumbi ndogo, kwa pesa ndogo, akashinda na akapoteza pia. Mwaka 2014 ndipo alipotwaa ubingwa wa Uingereza wa uzito wake. Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya miaka saba.

Anthony Mundine wa Australia aliacha raga mwaka 2000 akiwa nyota, na mwaka 2003 akawa bingwa wa dunia wa WBA. Ni haraka sana, sivyo? Lakini baba yake, Tony Mundine, alikuwa bondia aliyewahi kupigania ubingwa wa dunia mwaka 1974. Yule kijana hakuwa mgeni wa ulingo hata kidogo. Na kwa upande wa akina dada yupo Katie Taylor wa Ireland, aliyechezea timu ya taifa ya soka huku akiendelea na ngumi alizoanza tangu utotoni. Mwaka 2012 alichukua dhahabu ya Olimpiki mjini London. Yaani ukichunguza vizuri, wengi tunaowaita "waliohama" walikuwa na mguu mmoja ulingoni siku zote.

Sisi Waafrika tunaye Francis Ngannou wa Cameroon. Utotoni alichimba mchanga kijijini kwao Batié, na ndoto yake ilikuwa ngumi. Alivuka jangwa la Sahara, akafika Paris mwaka 2013, akalala nje kwa sababu hakuwa na pa kukaa. Huko alishauriwa kujaribu mapigano mchanganyiko, na mwaka 2021 akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu wa UFC. Tarehe 28 Oktoba 2023, mjini Riyadh, akiwa na miaka 37, alipata pambano lake la kwanza la ngumi za kulipwa, tena dhidi ya Tyson Fury. Raundi ya tatu Ngannou akamwangusha Fury! Watu walishika vichwa. Mwishoni alipoteza kwa pointi, na jaji mmoja kati ya watatu alimpa yeye ushindi.

Wengi tukasema, kumbe inawezekana. Miezi minne na siku kadhaa baadaye, tarehe 8 Machi 2024, katika mji uleule, alikutana na Anthony Joshua, bingwa wa Olimpiki wa 2012. Raundi ya kwanza aliangushwa. Raundi ya pili aliangushwa tena, akanyanyuka kwa ujasiri wa ajabu, na ngumi iliyofuata ikamwacha hana fahamu chini. Nguvu za Ngannou hazikuwa zimepungua. Ila safari hii mpinzani alishamwona anavyopigana, akajua anachokwenda kukabili. Usiku mmoja mzuri haukuwa umempa Ngannou ile miaka ya mazoezi aliyoikosa.

Kwa nini wanakwenda?

Pesa, ndiyo. Lakini si pesa peke yake. Andrew Flintoff, mchezaji kriketi maarufu wa Uingereza, aliacha kriketi mwaka 2010 kwa sababu ya majeraha. Mapema mwaka 2012 alitengeneza kipindi cha televisheni kuhusu sonona kwa wanamichezo, akieleza na yale yaliyompata yeye mwenyewe. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo alipanda ulingoni Manchester. Pambano la raundi 4 za dakika 2 kila moja. Raundi ya pili aliangushwa, akanyanyuka, akashinda kwa pointi 39 kwa 38. Hakupigana tena.

Mtu aliyeshangiliwa na maelfu tangu akiwa kijana, halafu siku moja simu zikaacha kulia, anatafuta kitu cha kumwamsha asubuhi. Mazoezi ya ngumi yanampa ratiba, kocha, kundi la watu. Hilo ni jema, na hata wewe unaweza kulipata hilo bila kupigwa kichwani hata mara moja, kwa sababu sehemu kubwa ya mazoezi ya ngumi ni kamba, begi, mbio na kupiga hewa mbele ya kioo. Ubaya unaanza pale mtu anapohitaji pambano ili ajione bado ni mtu.

Anayesema hapana

Mwaka 2017 beki wa zamani wa Manchester United, Rio Ferdinand, alitangaza kwamba anakuwa bondia. Kampuni ya kamari ilikuwa nyuma yake. Alijifua kwelikweli. Lakini Bodi ya Udhibiti wa Ngumi ya Uingereza ilimnyima leseni, na Mei 2018 alikubali yaishe. Mashabiki walilalamika: mtu mzima, mwili wake mwenyewe, anazuiwaje?

Ili uielewe bodi ile, rudi nyuma mpaka tarehe 21 Septemba 1991, mjini London. Michael Watson na Chris Eubank, mabondia kamili wote wawili, walipigana mpaka raundi ya 12, pambano likasimamishwa. Watson akazimia. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kati ya ubongo na fuvu, na damu ikawa inajaa na kuukandamiza ubongo. Hapo kila dakika ina thamani, na pembeni ya ulingo hapakuwa na huduma ya kutosha ya kumwokoa palepale. Alikaa siku 40 bila fahamu. Aliishitaki bodi, na mwaka 1999 mahakama ikamwona ana haki. Rufaa ya bodi nayo ikashindwa. Mwaka 2003 Watson alizitembea mbio za London Marathon mpaka mwisho kwa siku sita. Sita! Tangu kesi ile, bodi ikitia sahihi leseni inajua inatia sahihi nini.

Tuseme ni wewe

Mayweather yuko mbali, lakini bonanza la mtaani liko karibu. Tuseme wewe ndiye mfungaji bora wa shule, jina lako linajulikana mpaka sokoni. Likizo imefika, promota anataka sura yako kwenye bango: "pambano la utangulizi", raundi tatu, unapewa fulana na pesa ya nauli. Rafiki zako wanakuchochea. Muulize promota: daktari ni nani, na atakaa wapi? Gari la kupeleka mgonjwa hospitali liko wapi saa hiyo? Mpinzani ana kilo ngapi na ameshapigana mara ngapi? Kibali kimetolewa na nani? Akianza kucheka au kusema "acha woga, dogo," umeshapata jibu lako. Ukitaka kujifunza ngumi kweli, zipo klabu za ridhaa, zenye kocha anayekuzuia kupigana mpaka uwe tayari.

Na kama ni mwenzako ndiye aliyegongwa kichwa, iwe kwa ngumi, kwa kugongana hewani kwenye kona, au kwa kuanguka na baiskeli, mtoe mchezoni palepale. Asirudi siku hiyo hata kama anaapa yuko fiti. Anayeuliza swali lilelile mara tatu, anayeshika kichwa, anayeona maruweruwe au asiyekumbuka matokeo ya mechi, huyo si fiti. Kugongwa tena kabla ubongo haujapona kunaweza kuuvimbisha ghafla. Ni nadra, ila wengi wa waliopatwa na balaa hilo walikuwa vijana wa umri wenu.

Asiachwe peke yake usiku wa kwanza. Kulala anaweza kulala, mradi yupo mtu wa kumwangalia na kumwamsha akimtilia shaka. Kwa maumivu apewe parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni aziepuke mwanzoni, kwa kuwa zinaweza kuongeza uvujaji wa damu. Apumzike siku moja au mbili, kisha arudie masomo kidogo kidogo, na michezo baadaye, dalili zote zikiisha. Kijana huchukua muda mrefu zaidi kupona kuliko mtu mzima, pengine wiki nne.

Mkimbizeni hospitali mara moja akitapika tena na tena, maumivu ya kichwa yakizidi, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, mkono au mguu ukilegea, akipata degedege, majimaji au damu ikitoka sikioni, au akiwa haamshiki vizuri. Mtu anaweza kuongea na kucheka kwa saa kadhaa kisha akabadilika ghafla. Damu ilikuwa inajaa taratibu. Mkifika, usimwachie ajibu maswali peke yake, maana huenda hakumbuki. Mweleze daktari ulichokiona wewe: aligongwa wapi, saa ngapi, alizimia muda gani, ametapika mara ngapi.